Je, kozi za mwaka wa kwanza hazina uzito?

Wanafunzi wengi wanaoingia chuo kikuu huamini kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira tu, hivyo ni bora kuchagua kozi nyepesi na kuziacha ngumu kwa baadaye. Imani hii ina chanzo chake: katika baadhi ya vyuo, alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la shahada. Kwingine huingia zote, tangu muhula wa kwanza.

Hata pale zisipoingia, kozi nyingi za juu zina masharti ya awali. Chukua mwanafunzi wa uchumi anayetaka kusoma ekonometria (upimaji wa nadharia za uchumi kwa takwimu) mwaka wa tatu: kwa kawaida atadaiwa takwimu, na takwimu nayo mara nyingi hudai hisabati ya mwaka wa kwanza. Akiiruka hisabati, huenda akasubiri mwaka mzima, maana kozi nyingi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Hapo ndipo wengi huumia, na inasikitisha kwa sababu ingeepukika.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Fungua mwongozo wa programu yako, anza na kozi za mwaka wa mwisho unazozitamani, kisha rudi nyuma ukiandika kila sharti. Kanuni za mitihani zitakuonyesha alama zipi zinahesabiwa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kubadili kozi; mara nyingi huwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Palipo na utata, muulize mshauri wako wa masomo kabla ya kujisajili. Wanafunzi waliokutangulia nao husaidia, ila kanuni huenda zimebadilika tangu waliposajiliwa wao.