Mwelekezi Mpya Asikariri Nyumba: Tunavyowafunza Wanaojitolea katika Nyumba ya Kale ya Lamu

Kila anayekuja kujitolea kutembeza wageni huanza na swali lile lile: nihifadhi nini? Anangoja apewe karatasi ya tarehe. Tarehe zenyewe si nyingi. Nyumba za mawe zilizobaki katika mtaa wa Mkomani nyingi ni za karne ya 18, na mji mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Siku ya kwanza hata hizo hatumpi. Tunamsimamisha dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, apige hodi, kisha atuambie anaona nini.

Akitulia, ataona njia ya kuingilia imepinda, mpita njia asiweze kuchungulia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Akitoka kiwandani kwenda msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili zinazofuatana, hadi chumba cha ndani, mguu unapanda kidogo kila anapovuka: sakafu inainuka kadiri unavyoikaribia faragha ya wenyewe. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na wengi hudhani ni mtindo tu. Basi tunamwambia atazame juu. Dari ya matumbawe na chokaa ni nzito, nayo imelala juu ya boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi pana. Msitu wa mikoko ndio uliopima chumba. Aliyeliona hilo kwa macho yake halisahau, tena atalieleza kwa maneno yake, si yetu.

Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndio unaowashinda wengi. Mgeni atauliza zilikuwa za kazi gani, na mwelekezi mwenye hamu ya kupendeza atajaza pengo kwa lolote. Hapa tunamzoesha kutenganisha kauli tatu: “nyumba yaonyesha”, “wazee husimulia” na “twakisia”. Kwamba zidaka ziliwekwa vyombo vya kaure, wazee husimulia. Kwamba zile ndogo kabisa zilikuwa pambo tupu, twakisia. Na ile hadithi kwamba misumari ya shaba milangoni ilikuwa ya kuzuia tembo, tunaikataza kabisa. Pambo hilo lina asili ya Bara Hindi. Katika vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu, tembo angepitia wapi?

Lipo jambo ambalo wengi wangependa kuliruka. Nani alichota maji ya birika, lile tangi la maji la nyumbani? Nani alipanda ngazi na kuni hadi jikoni, huko juu ya paa? Nyumba kubwa kama hizi ziliendeshwa kwa jasho la watumwa, na katika pwani ya Kenya sheria haikuacha kuutambua utumwa hadi mwaka 1907. Mwelekezi aliseme hilo waziwazi, akiwa chumbani, si kwa kunong’ona mlangoni wakati wa kuagana. Lakini asitaje ukoo wa mtu yeyote. Mji ni mdogo, na wajukuu wa pande zote mbili wanaswali msikiti mmoja.

Chumba kiitwacho nyumba kati nacho kina adabu yake. Humo maiti walioshwa, kwa hiyo sauti hushushwa na picha za kuchekeana hazipigwi.

Mengine ni ya kawaida: kundi lisizidi watu wanane, mikoba ya mgongoni ibaki dakani, mkono usiguse lipu. Watoto wa shule wapewe mbuzi, waikalie na kukuna nazi, na samaki wa birikani waonyeshwe wakila viluwiluwi vya mbu. Mzee wa kike wa mtaani akija na kumsahihisha mwelekezi jina la chombo mbele ya wageni, mwelekezi anyamaze, asikilize, aandike. Hilo huwa gumu zaidi kwa waliosoma sana.

Baada ya miezi michache tunajichanganya na wageni na kumfuata kimya kimya. Mara nyingi, akifika mlangoni, tunakuta tembo amesharudi, na tunaanza tena pale dakani.