Mashine "Inayojiendesha": Yanayosemwa na Yalivyo

Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga niliuziwa kwa maneno machache tu: "Hii inajiendesha yenyewe, wewe lala." Nikalala. Mwezi wa saba huo, hapa Uyole, baridi ya kugandisha vidole, umeme ukakatika jioni ukarudi kesho yake mchana. Mashine ikawaka, ikajipasha hadi nyuzi 37.5, ikageuza mayai kwa saa zake na kuendelea kuhesabu siku mpaka ya 21. Kumbe ilikuwa inahudumia maiti.

Dhana: Otomatiki na kujiamulia ni kitu kimoja.

Mashine yangu ni otomatiki. Joto likishuka inawasha hita, likizidi inazima, basi. Injini ya dizeli ya kusagia mahindi nayo ni hivyo hivyo: mteja akimimina debe zima kwa pupa injini ikalemewa, gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini, inaongeza mafuta bila mtu kuigusa. James Watt aliifunga gavana kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na hakuna aliyedai injini ile inajiamulia.

Inayojiamulia huangalia hali ilivyo, huchagua kati ya njia zaidi ya moja, na mambo yakigeuka hubadili mpango bila kungoja kuambiwa kila hatua. Yangu ingekuwa hivyo, ingalau ingeshtuka kwamba mayai yamekufa.

Dhana: Ni lazima iwe na akili mnemba ya kisasa.

Si lazima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kule Bristol, William Grey Walter aliunda roboti ndogo alizoziita kobe. Zilifuata mwanga, zilikwepa vizuizi na zilirudi kibandani kujichaji. Kompyuta hazikuwa nayo.

Dhana: Ikishajiamulia, binadamu hana kazi.

Perseverance, gari la utafiti la NASA, lilitua Mirihi Februari 2021. Kushuka kulichukua kama dakika 7, na mawimbi ya redio kutoka huko yalihitaji zaidi ya dakika 11 kufika duniani. Wataalamu walipopata habari kwamba limeanza kushuka, lilikuwa limeshatua. Lilipiga picha za ardhi, likalinganisha na ramani liliyobeba, likachagua lenyewe pa kukanyaga. Lakini bonde la kwenda na mawe ya kutafuta vilipangwa na watu. Kuamua utafikaje si sawa na kuamua unakwenda wapi.

Droni ya kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga ni hivyo hivyo: mipaka ya shamba anaichora mtu, na kibali anakiomba mtu.

Dhana: Gari likijiendesha Marekani, litajiendesha hata mlima Kitonga.

Hili ndilo linalonichosha vijiweni. Wahandisi wa magari wana ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 2, gari linashika usukani, mafuta na breki, lakini dereva haruhusiwi kutoa macho barabarani. Magari mengi yanayosifiwa mitandaoni yapo hapo. Ngazi ya 4 haihitaji dereva, ila ndani ya eneo na hali zilizowekwa tu. Teksi zisizo na dereva za kampuni ya Waymo kule Phoenix, Marekani, ni za namna hiyo, na hata zenyewe zikikwama huuliza watu walio ofisini. Ngazi ya 5, popote na hali yoyote, hakuna inayouzwa.

Sasa shuka Kitonga alfajiri, ukungu umetanda. Mbele yako matawi mabichi yametandazwa barabarani. Utingo yeyote wa njia ya Tunduma anajua: kuna lori limeharibika hapo kwenye kona, punguza mwendo. Gari ambalo halijafundishwa litaona takataka za kukwepa au kukanyaga. Lori la mbele nalo linawasha indiketa wala halikati kona. Dereva anaongea na wewe wa nyuma kuhusu kupita. Lugha hiyo haimo katika ramani ya Phoenix.

Juzi nimerudi Mwanjelwa kutafuta mashine nyingine. Kijana wa dukani akaanza, "Mzee, hii inajiendesha..." Nikamkatiza: umeme ukikatika saa nane usiku, anaamua nani? Akakuna kichwa, kisha akaniletea betri na bei yake. Nimenunua vyote viwili, na saa nane bado naamka kuchungulia.