Claudette Colvin kwenye opera: kazi iko mahakamani, si ndani ya basi

Juni 2025 Chicago Opera Theater ilionyesha kwa mara ya kwanza She Who Dared, opera yenye muziki wa Jasmine Barnes na libreto, yaani maneno yanayoimbwa, ya Deborah D.E.E.P. Mouton. Inahusu wanawake waliovunja ubaguzi katika mabasi ya mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Rosa Parks anajulikana duniani kote. Claudette Colvin alikuwa na miaka 15 alipokataa kumpisha Mzungu kiti tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, na hata Marekani kwenyewe wengi hawakulisikia jina lake kwa miongo kadhaa. Sitahakiki onyesho la Chicago. Ninachotaka kueleza ni kwa nini habari hii ni ngumu kuimbika, na mtunzi anayeishika afanye nini.

Kila mtu hukimbilia basi. Basi la Montgomery lilikuwa na viti 36: kumi vya mbele vya Wazungu, kumi vya nyuma vya Weusi, na 16 vya katikati ambavyo dereva aliviamulia kadiri abiria walivyopanda. Seremala wa jukwaa anafurahi, anaweza kulijenga. Lakini ukihesabu waliokamatwa mwaka huo unaona tatizo: Colvin Machi, Aurelia Browder Aprili, Mary Louise Smith na bibi Susie McDonald Oktoba, Parks tarehe 1 Desemba. Tukio ni lilelile: dereva anaamuru, mwanamke anakataa, polisi wanaitwa. Ukiliandika mara tano kwa ukamilifu, kufikia la tatu watazamaji wanatazama saa. Ushauri wangu ni basi moja tu lenye onyesho kamili, nalo liwe la Colvin. Mengine yapewe sekunde chache za muziki uleule wa injini, kila mara kwa ufunguo tofauti wa muziki, na jina la mwanamke likiimbwa juu yake. La Parks nalo lisizidishwe, maana watazamaji wanalijua tayari. Ukilipatia dakika sita, opera inahamia kwake na hairudi.

Baada ya basi kuna kiini chenye utajiri ambacho wengi hukiruka: selo, yaani chumba cha mahabusu. Colvin alisimulia baadaye kwamba baada ya kukamatwa alikariri Zaburi ya 23, Sala ya Bwana na mashairi ya Edgar Allan Poe aliyofundishwa shuleni. Huyo ni mtoto anayejishikilia kwa alichonacho kichwani. Muziki hauhitaji kingine chochote hapo: sauti moja, maneno ya kukariri yanayokatika na kuungana, orkestra karibu kimya.

Sasa kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika rasimu. Libreto inasema viongozi wa Weusi walimwacha Colvin, wasijenge kesi yao juu yake, mwezi Machi kwa sababu alikuwa mjamzito. Tarehe zinakataa. Mwanawe alizaliwa mwishoni mwa Machi 1956. Machi 1955 hakukuwa na mimba yoyote. Umri wake uliwatia viongozi wasiwasi, na mimba iliongezeka kama sababu baadaye. Ila kulikuwa na sababu kavu ya kisheria: rufaa yake ya Mei 1955 iliondoa shtaka la kuvunja sheria ya ubaguzi na kumbakizia la kumshambulia polisi. Ujanja huo uliwanyima mawakili kitu cha kupinga. Ukiuacha nje, viongozi wa Weusi wanabaki kuwa wabaya pekee wa hadithi, na mwendesha mashtaka wa Montgomery anatoka jukwaani mikono safi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kitamthilia kabla hata halijawa kosa la historia.

Kilele chenyewe kipo tarehe 11 Mei 1956. Kesi ya Parks ilikuwa imekwama katika mahakama za jimbo, kwa hiyo tarehe 1 Februari wakili Fred Gray, kijana wa miaka 25, alifungua kesi mpya katika mahakama ya shirikisho: Browder dhidi ya Gayle, huyo Gayle akiwa meya. Walalamikaji walikuwa watano. Mmoja, Jeanetta Reese, alijitoa kwa vitisho. Wakabaki wanne, Colvin akiwemo, ambaye wakati huo alikuwa mama wa mtoto mchanga wa wiki sita hivi. Mbele ya majaji watatu, wakili wa mji alijaribu kuwafanya mashahidi wakiri kwamba Martin Luther King ndiye aliyewachochea. Colvin alipoulizwa kiongozi wao ni nani, alijibu kwamba viongozi ni wao wenyewe.

Hapo ndipo opera ilipo. Lakini mahakama ni mtego wa aina yake, maana sheria huzungumza sana na kuimba kunachukua muda. Kanuni ninayotumia ni hii: soma ukurasa kwa sauti ukiwa na saa mkononi, kisha zidisha kwa tatu. Hotuba ya wakili ya maneno 300 inayosemwa kwa dakika mbili itaimbwa kwa dakika sita. Kwa opera ya dakika 90 mimi huanza kuingiwa na shaka libreto inapovuka maneno 5,000. Kumbukumbu za mahakama ni nyaraka za umma na zinaweza kutumiwa, ila zikatwe bila huruma: swali lisizidi maneno kumi, jibu liwe fupi kuliko swali. Maswali yaende kwa resitativo, yaani kuimba kunakofuata mwendo wa kusema, juu ya kodi moja iliyokauka, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Melodia ianze pale tu Colvin anapojibu. Majaji wasipewe aria, yaani wimbo kamili wa mtu mmoja. Uamuzi wao ulitoka tarehe 5 Juni kwa kura mbili dhidi ya moja, Mahakama Kuu ya Marekani ikauthibitisha 13 Novemba, na amri ikafika Montgomery 20 Desemba, baada ya siku 381 za mgomo wa Weusi kususia mabasi. Ushindi uliokuja kwa awamu tatu, wote kwenye karatasi! Chagua awamu moja. Ningechukua ya Desemba, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mahali pa kukaa.

Hadithi ya wanawake wengi ina ugumu wa sauti pia. Ukiwa na soprano (sauti ya juu ya kike) watatu na mezosoprano (sauti ya kike iliyo chini kidogo yake) wawili, msikilizaji aliyefumba macho hatajua nani anaimba. Watenganishe kwa eneo la sauti, kisha kwa mdundo: mmoja aimbe noti ndefu, mwingine akate maneno. Kuna na fizikia ambayo haibembelezeki. Vokali i na u hutambulika kwa mwangwi wa chini wenye mtetemo wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 400 hivi. Soprano akifika noti ya mi iliyo katika nafasi ya juu kabisa ya mistari mitano, sauti yake ya msingi iko karibu hezi 660, juu ya mwangwi huo. Vokali zote zinaanza kufanana, hata mwimbaji awe hodari kiasi gani. Kwa hiyo neno linalobeba habari liwekwe katikati ya sauti, na noti ya juu ipewe neno ambalo limeshasikika.

Jaribio la kwanza hufanyika kwa piano, na piano hudanganya. Noti yake hufifia mara tu inapopigwa, hivyo maneno yanapenya. Miezi baadaye kodi ileile inapewa honi za orkestra na vinanda vya upinde vinavyoshikilia sauti katika oktava ileile ya mwimbaji, na jibu la Colvin linazama. Kabla ya kunakili karatasi za wapigaji, pitia kila mstari wenye habari na uondoe chombo chochote kinachoshikilia noti katika eneo lake. Orkestra ya watu 15 hadi 20 inatosha kwa ukumbi wa kati. Usitegemee maandishi yanayoonyeshwa juu ya jukwaa, yaliyoanza kutumika Toronto mwaka 1983, kuokoa utunzi mbaya. Yana nafasi ya mistari miwili mifupi tu, na yakitangulia sauti kwa sekunde moja, watu hucheka kabla mzaha haujaimbwa.

Juu ya nyimbo za harakati, neno moja. We Shall Overcome haikuwa wimbo wa Montgomery mwaka 1955; ilienea katika harakati kuanzia 1960. Mkutano mkuu wa kwanza wa mgomo, kanisa la Holt Street tarehe 5 Desemba, ulifunguliwa kwa Onward, Christian Soldiers. Anayetaka mdundo wa wakati ule ana kitu bora kuliko wimbo wowote: usiku wa kuamkia 2 Desemba Jo Ann Robinson, mwalimu wa Alabama State College, alichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuitisha mgomo kwa mashine ya saiklostaili. Kila karatasi ilibeba tangazo mara tatu, kisha ikakatwa. Mzunguko wa roli, karatasi, kisu: hiyo ni kwaya ya wanawake iliyo tayari, na ndilo onyesho pekee ambalo ningeliruhusu lirefuke.

Mwisho ni suala la nani aimbe. Colvin alihamia New York mwaka 1958, akafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi hadi 2004, na kumbukumbu ya hukumu yake ya utotoni ilifutwa rasmi mwaka 2021, akiwa na miaka 82. Kuyaandika hayo kwenye skrini baada ya pazia ni uvivu. Soprano wa miaka 15 naye hawezi kuzeeshwa kwa wigi. Mpe mezosoprano wa sauti nzito jukumu la Colvin mzee tangu selo, awe ameketi pembeni bila neno, na umwachie dakika tatu za mwisho aisome amri ya jaji ya 2021 kwa noti zilezile za Zaburi.