Mchuaji si fundi wa mifupa: tunayoyaamini Kigoma kuhusu masaji

Boti za dagaa zikishashusha mzigo asubuhi pale Kibirizi, utawaona wabebaji kivulini, mmoja amemgeuzia mwenzake mgongo, anakandwa mabega kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi. Bado kuna wanaosema masaji ni anasa ya wageni wa hoteli! Mwaka 2017 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya kiuno, na kwa maumivu mapya kikaitaja masaji, pamoja na kukanda kwa joto, kati ya mambo ya kujaribu kabla ya vidonge. Kilikiri pia kwamba ushahidi wa masaji ni hafifu. Kwa hiyo inasaidia, ila kwa kiasi: misuli inalegea, maumivu yanapungua kwa muda, na mtu analala vizuri. Anayekuahidi zaidi ya hapo muulize maswali.

Dhana: "Bila kuumia, hujachuliwa." Mwili ukiumizwa hujikaza, na msuli uliojikaza ndio uliokupeleka kwa mchuaji. Ukiamka kesho yake na alama nyeusi mapajani, ujue vimishipa vya damu vimepasuka chini ya ngozi. Hakuna ugonjwa uliotoka. Mwambie apunguze nguvu. Hata akiwa mzee wa kuheshimiwa, mwili ni wako.

Dhana: "Masaji inatoa sumu na asidi ya uchovu." Sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, na mikono haizifikii. Hiyo asidi inayolaumiwa baada ya mechi au kubeba magunia hupungua yenyewe kwenye damu, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho na keshokutwa yanatokana na michubuko midogo ndani ya msuli. Hayo kuchuliwa kunayapunguza kidogo, na wanamichezo hawajakosea kuipenda.

Kuhusu mafuta sina mengi. Mise, nazi, alizeti, yote kazi yake ni kufanya mkono uteleze. Chagua lisilokuwasha.

Dhana: "Akichuliwa mfupa utarudi." Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Kijana ameanguka mchikichini, mkono umepinda, umevimba. Nyumbani wanaamua kwamba ameteguka tu, anaitwa mchuaji, maji yanachemshwa. Kama mfupa umevunjika, kila mkandamizo unasogeza ncha zake kali kwenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kisha zinafungwa fito na kitambaa, vinakazwa. Uvimbe unakosa pa kwenda, unabana mishipa kutoka ndani, damu inaacha kufika vidoleni. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi mno vinaponyooshwa, zimebaki saa chache kabla msuli haujaanza kufa. Kuna mikono iliyokatwa ambayo ingepona kwa plasta. Umbo likipinda, au akishindwa kukanyaga au kushika, mfungie ubao bila kukaza, mpeleke penye eksirei, mathalani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Hata kama ni kuteguka kweli, siku mbili tatu za kwanza ni za kupumzisha, kuweka baridi na kuinua juu. Mchuaji atasubiri.

Dhana: "Mguu umevimba kwa kukaa sana safarini, uchue tu." Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi nalo linakuweka kitini mchana kutwa na zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kwamba safari ya kukaa kwa saa 4 na zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kunywea ukilala, ni kawaida. Ukivimba mmoja tu, shavu la mguu linauma na lina joto, usiruhusu mkono wa mtu. Bonge hilo likisukumwa linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu.

Dhana: "Bibi anaweza kumgeuza mtoto tumboni." Watoto wengi waliokaa vibaya hujigeuza wenyewe kabla ya wiki ya 36, kwa hiyo sifa inamwendea bibi aliyekanda siku hiyo. Madaktari nao wanageuza, lakini mimba ikikaribia kutimia, kwa kutumia kipimo cha ultrasaundi, wakisikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka. Mama mjamzito anaweza kukandwa mgongo na miguu taratibu, alale ubavu. Tumbo liachwe.

Mzazi naye hukandwa kwa maji moto ili "tumbo lirudi". Mji wa mimba hurudi wenyewe kwa wiki 6 hivi, na kunyonyesha kunausaidia kujikaza. Faraja ya kuhudumiwa na mama au shangazi siipuuzi hata kidogo, kwa mzazi aliyechoka ni kubwa. Ila maji yasiunguze, na aliyejifungua kwa upasuaji asiguswe kwenye kidonda.

Presha? Inashuka kidogo kwa muda baada ya masaji, kwa hiyo vidonge vinaendelea kama kawaida. Mwenye sukari aliyekufa ganzi nyayo ana tatizo jingine: hawezi kusema "yanachoma". Maji ya kumkandia yapimwe na mtu mwingine, kwa kiwiko, na nyayo zikaguliwe kabla na baada.