Mtoto Halii, Dawa ya Nini?

Mtoto wa darasa la nne katoka kupasuliwa goti. Anabonyeza paja lake kwa kidole, anabonyeza tena, kisha anasema: "Mama, mguu huu kama si wangu." Mama yake, aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe, akanishika mkono. "Nesi, wamempoozesha?"

Hapana, mama. Ni ganzi. Daktari wa usingizi humwaga dawa kama bupivakaini kuzunguka mshipa wa fahamu wa pajani, ule unaopeleka habari za goti kwenye ubongo. Dawa ikiisha nguvu, mshipa unarudia kazi yake. Sindano moja hushika kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 8 na 18. Mshipa kuumia moja kwa moja ni nadra sana.

Wengine huogopa kwamba mtoto amechomwa akiwa tayari kalala nusu kaputi. Kwa watoto ndiyo kawaida, maana aliye macho hushtuka sindano ikiwa ndani. Dozi hupimwa kwa kilo zake.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: mtoto halii, basi dawa ya kumeza iwekwe akiba. Hapa Mwanza nimewakuta wazazi wameifunga kwenye kona ya khanga, wakingoja aanze kulia. Ganzi huisha usiku wa manane, na maumivu yaliyozuiwa kutwa nzima huja kwa mkupuo. Parasetamo nayo huchukua nusu saa au zaidi kushika. Mpe kwa saa zake, kwa dozi aliyoandikiwa, kabla ganzi haijaisha, hata kama anacheka na wenzake.

Kutosikia maumivu si kupona. Niliwahi kukuta chupa ya uji wa moto imeegemea kigimbi cha mtoto, ngozi imeshaanza kuwa nyekundu, naye anaendelea kuchora. Tangu siku hiyo kila zamu nafunua shuka kwanza. Paja nalo huweza kukosa nguvu, goti likakunjika ghafla. Asiende hata chooni bila kushikwa.

Vidole vya mguu vikipauka au vikiwa vya baridi, maumivu yakizidi ilhali amekunywa dawa, au ganzi ikipitisha siku nzima bila kuachia, tuamshe. Hata saa tisa usiku.