Mbaazi hazisafishi udongo wa marudio

Nimeulizwa tena, safari hii kutoka Ruangwa: "Mtaalamu, nikipanda mbaazi kwenye marudio ya dhahabu, si zitasafisha ardhi?" (Marudio ni mabaki ya mawe na udongo uliosagwa baada ya dhahabu kutolewa.) Hapana! Mbaazi, kunde na karanga huongeza naitrojeni. Kurutubisha si kusafisha. Zebaki na risasi za kwenye marudio hazivundi wala haziozi. Zipo pale hata mjukuu wako akirithi shamba.

Tena mikunde huumia mapema. Naitrojeni yake hutengenezwa na rizobia, yaani bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi, na ushirika huo huvurugika upesi metali zikizidi. Vinundu huwa vichache na vidogo; ukikipasua kimoja, badala ya wekundu wa kinundu kinachofanya kazi unakuta weupe au ukijani. Mizizi hudumaa, majani hupauka, mavuno hupungua.

Hapo mtu hunijibu, "Mbona shamba langu ni la kijani?" Umeweka yurea, ndugu yangu! Naitrojeni ya mfukoni hulipaka jani kijani hata kama vinundu havifanyi kazi. Na jani la kijani laweza kubeba sumu. Risasi inayofyonzwa hubaki zaidi mizizini, lakini kadimi, metali nyingine yenye sumu, hupanda kwa urahisi hadi majanini, na kwetu majani ya kunde ni mboga. Hili linanikera kwa sababu walaji ni watoto.

Hata hivyo, sikubali mtu apasue kinundu cheupe aseme "hii ni zebaki". Ukame, upungufu wa molibdeni, au rizobia wasiofaa huleta weupe uleule. Na karatasi ya maabara nayo nina mashaka nayo ikija na jumla ya metali peke yake, kwa sababu mmea huchukua ile iliyo tayari kuyeyuka. Na kinachoyeyuka hutegemea tindikali ya udongo. Mfano, mikorosho yetu hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Inayoanguka chini huongeza tindikali msimu hadi msimu. pH (kipimo cha tindikali) ikishuka, yaani tindikali ikizidi, kadimi, zinki na nikeli huyeyuka zaidi. Mashamba mawili yenye kipimo kilekile cha kadimi, moja chini ya mikorosho ya zamani, hayatoi kunde zenye kadimi sawa.

Chokaa husaidia kwa kadimi, ila huituliza tu, haiiondoi. Kwa zebaki usiitegemee. Kwenye marudio panda miti ya mbao. Mbaazi zipande upande wa juu, maji ya makaro ya kuoshea dhahabu yasikofika, na ukipeleka udongo maabara, dai pH iandikwe kando ya metali.