Je, wajua kwa nini mchumi wa viwanda aliiambia Ghana ianze na shamba?

Kwa miaka mingi nilimweka Arthur Lewis katika kapu la wachumi wanaosema nchi changa ijenge viwanda, mkulima atajijua mwenyewe. Niliwahi hata kujibu hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama zote. Nilikosea, na aliyesahihisha alikosea pamoja nami.

Mwaka 1953 Lewis aliiandikia serikali ya Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, ripoti kuhusu viwanda. Kuhusu viwanda, narudia. Humo akasema jambo la kwanza ni kuongeza tija katika kilimo cha chakula, na kwamba ingepita miaka mingi kabla haijaifaa serikali kuhamishia viwandani sehemu kubwa ya rasilimali zake. Mwaka uliofuata alichapisha makala iliyompa umaarufu, kuhusu uchumi wenye nguvukazi isiyo na kikomo. Wengi wetu tulisoma muhtasari wa makala, ripoti hatukuigusa.

Kumbe hoja ya makala na ya ripoti ni ileile. Chukua familia ya watu kumi yenye shamba ambalo wanane wangetosha kulilima lote. Jioni chakula kinagawanywa sahani kumi sawa. Hakuna anayeulizwa amelima matuta mangapi. Mwajiri wa mjini akitaka kumvuta mmoja wao, anashindana na sahani yake tu: ampe thamani ya sahani hiyo na nyongeza kidogo, atakuja. Familia za namna hiyo zikiwa nyingi, anaajiri wa mia na wa elfu kwa ujira uleule. Faida inanunua mashine, mashine zinaita watu, mpaka watu wa ziada waishe shambani. Hapo ndipo ujira huanza kupanda.

Sasa mfuate yule aliyeondoka. Tumbo ameondoka nalo. Sahani yake sharti imfuate mjini, tena safari hii ainunue, ilhali tisa waliobaki nyumbani wameshaanza kuongeza kijiko. Shamba lisipozaa zaidi, bei ya chakula hupanda, mwajiri hulazimika kuongeza ujira mapema, na fedha iliyokuwa inunue mashine inaishia chunguni. Isitoshe, mkulima asiye na ziada hanunui shati la kiwandani.

Lewis mwenyewe alizaliwa Saint Lucia mwaka 1915. Alitamani uhandisi, akauacha kwa kuwa hakuona nani angemwajiri mhandisi mweusi. Alifundisha Manchester, akawa mshauri wa Nkrumah mwaka 1957, akaondoka mwishoni mwa 1958 wakiwa hawaelewani kuhusu miradi ya kifahari. Baadaye akapitia Umoja wa Mataifa, kisha akawa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibiani, 1970 hadi 1973.

Hoja inapolegea ni kwa wale wawili wa ziada shambani, na mfano wangu umewatia chumvi. Mchumi wa Marekani, Theodore Schultz, alitazama homa ya mafua ya 1918 nchini India: watu walipokufa, eneo lililolimwa nalo lilipungua, kwa hiyo hata mikono iliyodhaniwa ya ziada ilikuwa na kazi. Lewis alijitetea kwamba hakuhitaji mtu asiyezalisha chochote. Ilitosha watafuta kazi kwa ujira ule wawe wengi kuliko nafasi. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Nobeli ya uchumi, wakagawana.